Udogo wa Dola na Udogo wa Chembe

Miongoni mwa istilahi za kigeni zinazoingia shuleni kwa milango miwili limo neno la Kiingereza “microstate”. Katika masomo ya uraia na jiografia neno hilo hutaja nchi iliyo huru lakini ndogo mno kwa eneo au kwa idadi ya watu. Katika fizikia neno hilo hilo hutaja mpangilio mmoja mahsusi wa chembe zote zilizomo ndani ya kitu: kila chembe iko wapi, na inakwenda vipi. Mambo hayo mawili hayana uhusiano wowote ila wa jina. Shabaha ya makala haya ni kuuliza namna inayofaa kulipokea neno hilo katika Kiswahili. Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji alipime: tusilitafsiri neno, bali tutafsiri mambo mawili yanayotajwa nalo. Na tukifanya hivyo kwa makini tutaona kwamba sehemu ya neno iliyo na hatari siyo ile ambayo wengi huitilia shaka.

Tuanze na asili yake. Neno la Kiingereza “state” limetokana na neno la Kilatini “status”, maana yake namna kitu kilivyosimama. Kutoka hapo yalichipuka matawi mawili. Tawi moja likawa namna kitu kilivyo, yaani hali; tawi jingine likawa namna utawala ulivyosimama, na hatimaye utawala wenyewe, yaani dola. Kifaransa kina tatizo hilo hilo: tofauti ya maandishi kati ya nchi ndogo mno na mpangilio wa chembe ni herufi kubwa tu, “micro-État” na “micro-état”. Ukiyatamka, sikio halipati tofauti yoyote. Kijerumani, kwa upande wake, hakina taabu hiyo. Hali ni “Zustand” na dola ni “Staat”, na mwanafunzi wa Kijerumani hawezi kulichukua neno moja mahali pa jingine.

Kiswahili katika jambo hili kimesimama upande wa Kijerumani. Tunalo neno “dola” na tunalo neno “hali”, yote mawili yaliyotufikia kutoka Kiarabu zamani na kuota mizizi katika lugha yetu. Maneno hayo hayafanani kwa sauti wala kwa maana. Kwa hiyo mtu atakayeamua kuandika “mikrosteti”, akadhani ameupatia Msamiati wa sayansi neno jipya, atakuwa ameingiza katika Kiswahili utata ambao Kiswahili hakikuwa nao. Atakuwa kama mtu anayeagiza kutoka ng’ambo shehena ya magugu.

Hata hivyo yafaa tuwe waadilifu. Neno moja kuwa na maana mbili si dhambi katika lugha yoyote, na Kiswahili si malaika. Neno “dola” lenyewe ni mfano. Hutaja mamlaka ya nchi, na pia hutaja fedha ya Marekani. Neno “shelisheli” ni tunda linalopikwa na watu wa pwani, na pia ni jina la nchi ya visiwani katika Bahari ya Hindi. Tukisogea hadi katika eneo la Maziwa Makuu, Kinyarwanda huita ngoma “ingoma”, na neno hilo hilo humaanisha pia utawala wa mfalme, kwa kuwa ngoma ilikuwa alama ya ufalme. Hakuna mtu aliyekwenda sokoni kununua shelisheli akarudi na pasipoti. Muktadha hutenganisha maana, na akili ya msikilizaji hufanya kazi hiyo bila kuombwa. Kama tatizo la istilahi yetu lingekuwa hili tu, nisingeona haja ya kuandika makala.

Tatizo hasa limo katika kile kiambishi kidogo cha mbele, “mikro”, chenye asili ya Kigiriki na maana ya udogo. Katika siasa kiambishi hicho husema kweli. Katika fizikia, tukikipokea kwa maana yake ya juu juu, hutudanganya. Ili kuliona jambo hili, hapana budi tuchunguze kila upande kwa zamu.

Tuchukue kwanza upande wa dola. Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 ulitaja sifa nne za dola: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na madola mengine. Msomaji atatambua kuwa katika sifa hizo nne hakuna kipimo cha ukubwa. Vatikani ina eneo lisilofikia nusu ya kilomita moja ya mraba. Monako ina takriban kilomita za mraba 2, Nauru 21, San Marino 61, na Liechtenstein 160. Shelisheli, iliyopata uhuru tarehe 29 Juni 1976 na kuingia Umoja wa Mataifa mwaka huo huo, ina nchi kavu ya takriban kilomita za mraba 455 tu. Kisiwa kimoja cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, chenye kilomita za mraba zipatazo 530, kinavizidi visiwa vyote vya Shelisheli vikijumlishwa pamoja. Lakini Ukerewe ni wilaya, na Shelisheli ni dola lenye kura yake katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa.

Udogo huo uliwahi kuwa hoja nzito. Mwaka 1920 Shirikisho la Mataifa lililoundwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza liliikataa Liechtenstein, na udogo wake ulikuwa miongoni mwa sababu; nchi hiyo iliingia Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Mwaka 1967 U Thant, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliuliza hadharani kama inafaa nchi ndogo mno zipewe uanachama kamili pamoja na mizigo yake yote. Mpaka leo hakuna mpaka uliokubaliwa na wote wa kusema dola dogo linaanzia wapi. Jumuiya ya Madola, kwa shughuli zake, huhesabu kuwa ni ndogo nchi yenye watu wasiozidi milioni 1.5, ingawa huongeza humo nchi chache zenye watu zaidi. Lakini popote mpaka utakapowekwa, udogo unaozungumzwa ni udogo wa dola lenyewe. Linapimika kwa kilomita za mraba au kwa sensa. Kwa sababu hiyo neno “dola dogo”, na kwa wingi “madola madogo”, linatosha kabisa. Kivumishi kimekaa mahali pake.

Mwanafunzi aliyeko Kihanga, katika Wilaya ya Karagwe, ana mfano wa kulipima neno “dola” bila kuvuka bahari. Karagwe ilikuwa ufalme. Ilikuwa na watu wake, nchi yake na mtawala wake, Omukama. Na ilikuwa na uhusiano na Buganda upande wa kaskazini na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliofika Kafuro kutoka pwani. Omukama Rumanyika alipowapokea Speke na Grant mwaka 1861, aliwapokea kama mkuu wa nchi anavyowapokea wageni. Sifa zote nne za Montevideo zilikuwamo miaka sabini na zaidi kabla ya mkataba wenyewe kuandikwa. Baadaye ufalme huo uliwekwa chini ya Wajerumani, kisha chini ya Waingereza, na mwaka 1963 mamlaka ya kisheria ya machifu yalifutwa katika Tanganyika yote. Eneo la wilaya za leo za Karagwe na Kyerwa, zilizogawanywa mwaka 2012, likichukuliwa pamoja linaipita nchi ya Luxembourg kwa ukubwa. Basi udogo siyo ulioiondoa Karagwe katika orodha ya madola. Iliondolewa na nguvu ya utawala wa kigeni, na baadaye na uamuzi wa nchi iliyokwisha kuwa huru. Hilo ni somo la historia, lakini pia ni somo la istilahi: anayejua maana ya “dola” hawezi kulichanganya na “eneo”, wala na “kabila”.

Sasa tugeukie upande wa fizikia, ambako ndiko kwenye shauri kubwa. Chukua sanduku lililogawanywa sehemu mbili, kushoto na kulia, na punje nne za buni. Zitie alama A, B, C na D. Kila punje yaweza kuangukia kushoto au kulia, na pande zote mbili zina nafasi sawa. Je, punje zote nne zaweza kupangika kwa namna ngapi? Kila punje ina njia 2, kwa hiyo jumla ni 2 × 2 × 2 × 2, yaani namna 16. Kila moja kati ya hizo 16 ni mpangilio kamili: unatuambia habari za A, za B, za C na za D, bila kuacha hata moja. Huo ndio mpangilio ambao wanafizikia wanaotumia Kiingereza huuita “microstate”.

Lakini mtu anayechungulia sandukuni bila kusoma alama haoni mambo hayo yote. Yeye huona hesabu tu: kushoto ziko ngapi, kulia ngapi. Kwake kuna hali tano. Punje zote ziwe kulia: namna 1. Moja iwe kushoto: namna 4. Mbili kwa mbili: namna 6. Tatu kushoto: namna 4. Zote kushoto: namna 1. Jumla ni 16 kama tulivyotangulia kusema. Ile hali ya mbili kwa mbili hutokea mara nyingi kuliko nyingine, na sababu siyo kwamba buni hupenda usawa. Ni kwamba hali hiyo ina njia nyingi zaidi za kutokea.

Ongeza punje uone. Kwa punje 10 mipangilio ni 1,024. Iliyo tano kwa tano ni 252, na ile ya punje zote kuwa kushoto ni moja tu. Kwa punje 100 mipangilio inazidi 1 ikifuatiwa na sifuri 30. Ukilitikisa sanduku hilo mara moja kwa kila sekunde, ukingojea punje zote 100 ziangukie kushoto, kwa wastani utangoja miaka ipatayo 4 ikifuatiwa na sifuri 22. Umri wa ulimwengu ni takriban miaka bilioni 13.8 tu. Na hizo ni punje 100. Katika kila mita moja ya ujazo ya hewa iliyomo darasani Kihanga kuna molekuli zaidi ya 1 ikifuatiwa na sifuri 25. Ndiyo maana hakuna mwanafunzi aliyewahi kukosa pumzi kwa sababu hewa yote imehamia upande wa ubao. Hakuna sheria ya mwendo inayokataza jambo hilo. Ni hesabu ya njia inayolifanya lisitokee.

Ludwig Boltzmann, mwanafizikia wa Austria aliyefariki mwaka 1906, ndiye aliyeufungua mlango huu. Kabla yake, mwaka 1865, Rudolf Clausius alikuwa amekwisha kutunga neno entropia kwa kipimo kimoja cha mambo ya joto, lakini kipimo hicho kilikuwa hakijafungamanishwa na chembe. Boltzmann alionyesha kuwa entropia inahusu idadi ya mipangilio ambayo kitu chaweza kuwa nayo bila mtazamaji wa nje kuona tofauti. Juu ya kaburi lake mjini Vienna imechongwa kanuni S = k log W. Hapo S ni entropia, W ni idadi ya mipangilio, na k ni kiwango kisichobadilika, takriban 1.38 × 10⁻²³ jouli kwa kelvini. Hata hiyo logi ina sababu iliyo rahisi. Ukiwa na masanduku mawili kama lile letu, mipangilio huzidishwa: 16 × 16 ni 256. Entropia, kinyume chake, yatakiwa ijumlishwe, kama uzito unavyojumlishwa. Na logi ndicho chombo cha hesabu kinachogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha.

Sasa tuurudie ule udogo. Je, katika habari hizi zote ni kitu gani kilicho kidogo? Mpangilio mmoja wa punje A, B, C na D si sehemu ndogo ya sanduku. Ni habari ya sanduku zima. Kwa kweli una habari nyingi kuliko ile hesabu ya “mbili kwa mbili”, kwa kuwa hautaji idadi tu, bali hutaja kila punje kwa jina lake. Tukiuita “hali ndogo”, mwanafunzi atafanya lile ambalo Kiswahili kimemfundisha tangu utotoni: atakiambatanisha kivumishi na nomino yake, na ataelewa kuwa hali hiyo ni ndogo, au ni kipande cha hali kubwa, au ni hali isiyo na uzito. Atadhani kuwa hali kubwa hujengwa kwa kuunganisha hali ndogo, kama ukuta unavyojengwa kwa matofali. Huo ni upotofu. Sanduku huwa katika mpangilio mmoja tu kwa wakati mmoja. Ile mingine 15 haimo ndani yake. Ni mipangilio ambayo ingaliweza kuwapo.

Mfano wa gulio unaweza kusaidia. Tuseme katika gulio la Kihanga wamekusanyika watu 300. Anayetazama kutoka mlimani aona gulio limejaa kiasi gani na umati umeelekea wapi. Anayetaka kuandika mpangilio kamili hana budi kuandika mahali aliposimama kila mmoja wa watu hao 300. Orodha yake si ndogo kuliko habari ya mtazamaji wa mlimani. Ni ndefu mno. Na wauza ndizi wawili wakibadilishana mahali, orodha imebadilika, lakini aliye mlimani haoni badiliko lolote.

Wako watakaosema tutumie “hali ya hadubini”, kwa kuwa hadubini ni chombo cha kuonea vitu vidogo. Pendekezo hilo ni afadhali, lakini nalo lina kasoro. Molekuli ya maji ina upana wa takriban nanomita 0.3, na mwanga tunaouona una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700. Hadubini ya maabara za shule zetu haiwezi kuionyesha molekuli hata ingetengenezwa kwa ustadi wa namna gani. Neno hilo lingemfanya mwanafunzi atafute kwa jicho jambo ambalo hulipata kwa hesabu.

Mimi napendekeza tufuate njia ambayo Kiswahili cha sayansi kimekwisha kuipita na kufika salama. Tulipohitaji neno la kipimo cha ujoto au ubaridi wa kitu, tuliunganisha “hali” na “joto” tukapata “halijoto”. Tulipohitaji neno la kani inayokandamiza eneo, tulipata “kanieneo”. Kwa mtindo huo huo, mpangilio unaotaja kila chembe uitwe “halichembe”, na hali inayotajwa kwa vipimo vya jumla, kama vile halijoto, kanieneo na ujazo, iitwe “halijumla”. Hapo sentensi ya msingi ya somo hili itasomeka hivi: halijumla moja huweza kuwa na halichembe nyingi, na entropia hupima wingi huo. Naamini mwanafunzi wa Kidato cha Tano aliyecheza na punje zake nne ataielewa sentensi hiyo bila kuikariri.

Nazijua hoja mbili zitakazoletwa dhidi ya pendekezo hili. Ya kwanza ni kwamba sekondari zetu hufundisha sayansi kwa Kiingereza, na mitihani huandikwa kwa Kiingereza. Basi yanini kumwongezea mwanafunzi mzigo wa neno la pili? Nami nauliza: mwalimu anapofunga kitabu na kuanza kueleza, hueleza kwa lugha gani? Katika shule nyingi Kiswahili huingia darasani kwa mlango wa nyuma, bila maandalizi. Kwa kuwa kimeingia, ni heri kiingie na istilahi zilizopimwa kuliko kuingia na “hali ndogo” iliyobuniwa papo hapo. Tena mwanafunzi aliyekwisha kutenganisha halichembe na dola dogo huirudia istilahi ya Kiingereza akiwa na nguvu zaidi, kwa maana anajua kuwa ganda moja lina kokwa mbili.

Hoja ya pili ni kwamba istilahi za sayansi ni za dunia nzima, kwa hiyo tuzichukue kama zilivyo. Hoja hiyo ina ukweli wake, na ndiyo sababu katika makala haya nimeandika “entropia” na “molekuli” bila kusita. Clausius alilitunga neno lake kutokana na Kigiriki, likawa geni kwa kila taifa kwa kiasi kilicho sawa. Lakini “state” si neno la namna hiyo. Ni neno la kila siku la lugha moja, na limebeba historia ya lugha hiyo. Neno geni kwa wote twaweza kulikaribisha likiwa na jina lake; neno la nyumbani kwa mwingine yafaa tulitafutie mwenzake aliye nyumbani kwetu.

Kazi ya kusanifisha istilahi ni ya Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekwisha kutoa mchango mkubwa. Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Hata hivyo hakuna baraza linaloweza kukaa katika kila darasa. Istilahi hupimwa na mwalimu aliyesimama mbele ya wanafunzi arobaini, anapoona nyuso zimefunguka au zimefunga. Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, kila mnapokutana na istilahi ya kigeni, mjiulize maswali matatu. Jambo linalotajwa ni lipi? Kivumishi kilichomo chaeleza sifa ya jambo hilo, au chaeleza jinsi tunavyolitazama? Na neno tunalopendekeza, likiwekwa katika sentensi ya kawaida ya Kiswahili, litamwongoza mwanafunzi au litampoteza?

Nanyi wanafunzi, msingoje walimu. Tafuteni punje nne za buni, mziandike alama, mhesabu ile mipangilio 16 kwa mikono yenu, kisha mwende kwenye punje tano na sita. Mtakapofika kwenye punje sita mtakuwa na mipangilio 64, na katika hiyo 20 itakuwa ya tatu kwa tatu. Endapo “halichembe” litawapwaya, leteni lililo bora zaidi. Neno litakaloshinda liwe lile litakalomwezesha mwanafunzi anayekuja nyuma yenu kulifahamu jambo lenyewe.